Kuacha tiba isiyofaa si kukata tamaa na rehema ya Allah

  

Majuma mawili yaliyopita, baada ya darsa la Alasiri hapa Makambako, mama mmoja alibaki msikitini hadi wenzake walipoondoka. Mgongoni alikuwa amembeba binti yake wa miaka mitano, ambaye miguu yake imekakamaa na shingo yake bado haijashika vyema. Alitusalimu sote wawili, mume na mke tunaoiandaa safu hii, kisha akasema:

“Ustadhi, nawe mama, nisaidieni. Kuna kituo cha tiba katika jiji kubwa, wanasema mtoto akikaa siku thelathini atatembea. Wanataka milioni tatu na nusu. Baba yake anataka tuuze nusu ekari ya parachichi, nayo ndiyo kwanza inaanza kuzaa. Mama mkwe anasema tusiuze, tuna watoto wengine watatu. Lakini kinachonikosesha usingizi si fedha. Nisipompeleka, Allah hataniuliza kuwa nilimkatia tamaa mwanangu?”

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba atupe muda, kwa sababu swali lake tulikwisha kulibeba sisi wenyewe kwa miaka minne, na kwa sababu tunajua kwamba liko katika nyumba nyingi, kuanzia hapa njia panda ya Makambako hadi Njombe mjini na vijiji vyake. Haya tunayoandika leo ndiyo jibu letu kwake, na kwa kila mzazi aliye katika hali yake.

Tuliyopitia sisi

Kijana wetu wa tatu alichelewa kulia alipozaliwa. Siku ya tatu akawa na manjano makali. Alipofika miezi tisa bila kuikaza shingo, tukaambiwa kuwa ana mtindio wa ubongo. Tangu siku hiyo hatukutulia. Tuliuza pikipiki, tukala mtaji wa biashara ya mbao, tukasafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam, tukarudi, tukaenda kwingine. Tulimpaka mafuta ya kila namna. Tulimpeleka kwa mtu aliyekuwa na mashine ya kutetemesha miguu, akatuahidi kwamba ndani ya mwezi mmoja atasimama. Tulizunguka kwa wasomaji watatu wa ruqya, na mmoja wao alitutaka tulipe kabla hajafungua kinywa.

Mwezi ulipita na mtoto hakusimama. Yule wa mashine akasema tuongeze mwezi mwingine. Tukaongeza. Hatukuongeza kwa sababu tuliona mabadiliko. Tuliongeza kwa sababu tuliogopa kuacha. Tulihisi kwamba kusema “basi” ni sawa na kusema “Allah hawezi”. Na wakati tukihangaika hivyo, dada yake mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa mahitaji ya shule, wala hakulalamika hata siku moja. Ukimya ule wa binti yetu unatuuma mpaka leo.

Aliyetuamsha alikuwa mama mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hakuanza kwa kumnyoosha mtoto. Alituuliza: “Mnataka mtoto afanye nini ambacho leo hawezi?” Tukajibu kwa pamoja: “Atembee.” Akauliza tena: “Na kabla ya kutembea, kuna jambo gani linalowatesa kila siku?” Tukanyamaza. Kisha mama wa mtoto akasema kwa sauti ndogo: “Ale bila kupaliwa.”

Kwa miaka minne tulikuwa tukimlisha kijana wetu akiwa amelala mapajani, kichwa kimeanguka nyuma. Kila mlo ulikuwa vita. Kila baada ya miezi michache alipata homa ya mapafu, na hatukuwahi kuhusisha mambo hayo mawili. Mama yule alitufundisha kumkalisha wima, kidevu kikiinama kidogo, uji uwe mzito kiasi, kijiko kiwe kidogo, na tumsubiri ameze kabla ya kumpa kijiko kingine. Fundi seremala wa mtaani akatutengenezea kiti cha mbao za paina chenye mkanda kifuani, pahali pa kuegemeza kichwa na ubao wa kukanyagia. Baada ya wiki sita kijana alikuwa anakula kwa utulivu, na mama yake, kwa mara ya kwanza, alikaa akala naye sahani moja.

Kiti kile kilitugharimu chini ya nauli ya safari moja ya Dar es Salaam.

Fundisho la Nabii Ya‘qub

Tulipotulia, tuliirejea sura ya Yusuf, tukaona jambo ambalo tulikuwa tumelisoma mara nyingi bila kulizingatia. Nabii Ya‘qub, amani iwe juu yake, ndiye aliyewakataza wanawe wasikate tamaa na rehema ya Allah. Na ni Ya‘qub huyo huyo aliyewaelekeza waingie mjini kwa milango mbalimbali, kisha akawaambia waziwazi kwamba tahadhari yake hiyo haiwezi kuzuia lolote ambalo Allah amelihukumu.

Mzazi mmoja alikusanya mambo mawili. Matumaini yake yalikuwa kwa Allah na hayakuwa na kikomo. Njia aliyoitumia ilikuwa njia tu, naye aliijua kuwa ni njia. Kosa letu sisi lilikuwa kuyachanganya: tulihamisha matumaini yetu kutoka kwa Mwenyezi Mungu tukayaweka juu ya mashine ya mtu, na ndiyo maana tuliogopa kuiacha.

Wapo watakaosema kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa kila ugonjwa Allah ameuteremshia dawa, hivyo tusiache kuitafuta. Ni kweli, na tumeamrishwa kujitibu. Lakini mtindio wa ubongo si ugonjwa unaoendelea kuula mwili. Ni athari ya jeraha lililoupata ubongo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika siku za mwanzo za uhai: kukosa hewa, manjano makali, homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa kabla ya wakati. Jeraha lenyewe halifutiki kwa tiba inayojulikana leo. Kinachoweza kubadilika, na kubadilika sana, ni yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya, maumivu anayoyapata na maisha anayoishi. Anayekuahidi kufuta jeraha anakuuzia kitu asichonacho.

Mizani ya maswali manne

Kwa uzoefu wetu, na kwa yale tuliyoyasoma kwa wataalamu, tunawashauri wazazi waipime kila tiba kwa maswali manne kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Swali la kwanza: mtoto wangu atafanya nini ambacho leo hawezi? Jibu liwe kitendo kinachoonekana nyumbani. Kukaa dakika kumi bila kushikwa ni jibu. Kushika kikombe ni jibu. Kuonyesha kwa macho kwamba anataka maji ni jibu. “Ataimarika”, “mishipa itafunguka” na “damu itatembea” si majibu, kwa kuwa hakuna siku utakayoweza kusema kuwa hayo yametimia au hayakutimia.

Swali la pili: imejulikanaje kwamba tiba hii inafaa? Hapa yapo mazingatio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilivuma habari huko Marekani kwamba sikretini, homoni inayohusika na umeng’enyaji wa chakula, inawaponya watoto wenye usonji. Wazazi wengi waliikimbilia. Mwaka 1999 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watoto 60: baadhi walidungwa sikretini, wengine wakadungwa maji ya chumvi tu, bila wazazi kujua nani kapata nini. Makundi yote mawili yalionyesha nafuu, wala hapakuwa na tofauti kati yao. Watoto hukua, na macho ya mzazi mwenye matumaini huona mengi. La kusikitisha zaidi ni kwamba hata baada ya kuelezwa matokeo, wengi wa wazazi hao walisema bado wanaitaka ile dawa. Tusiwacheke. Sisi nasi tuliongeza mwezi wa pili kwa mtu wa mashine.

Kuhusu mtindio wa ubongo, mtaalamu Iona Novak wa Australia na wenzake walichapisha mwaka 2013 uchambuzi wa tafiti nyingi wakizigawa tiba kwa rangi za taa za barabarani: kijani, nenda, njano, kwa uangalifu, nyekundu, simama. Walipima matokeo 131 yanayotarajiwa kutoka katika tiba 64. Yaliyopata kijani yalikuwa 21 tu. Miongoni mwa yaliyopata kijani ni dawa za kudhibiti kifafa, ufuatiliaji wa nyonga, mazoezi yenye lengo maalumu alilochaguliwa mtoto, na kuufunga kwa muda mkono wenye nguvu ili ule dhaifu ufanye kazi. Miongoni mwa yaliyopata nyekundu ni kumweka mtoto ndani ya chumba cha oksijeni yenye mgandamizo mkubwa, tiba ambayo katika nchi nyingi inatozwa fedha nyingi.

Na katika orodha ya kijani limo jambo linalotuhusu sana sisi tunaoishi mbali na hospitali kubwa: mazoezi yanayofanywa na familia nyumbani, chini ya maelekezo ya mtaalamu. Katika utafiti mmoja wa Novak na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, watoto 36 walishiriki. Familia zilizofanya mazoezi ya nyumbani kwa wiki nane, kwa wastani wa mara 17 na nusu kwa mwezi na dakika 16 na nusu kila mara, ziliona watoto wao wakipata uwezo zaidi. Ni robo saa tu, wala si kila siku. Robo saa hiyo inapatikana Makambako kama inavyopatikana Sydney.

Swali la tatu: tutaangalia lini kama imefaa, na tutaacha lini? Kubalianeni siku kabla ya kuanza, tuseme wiki nane au miezi mitatu, kisha iandikeni. Andikeni pia hali ya mtoto siku ya kwanza: anakaa dakika ngapi, anapaliwa mara ngapi, anaamka mara ngapi usiku. Mwenye simu achukue picha za video. Siku ikifika, linganisheni. Ikiwa hakuna tofauti, acheni au badilisheni, tena bila kujilaumu. Mtaalamu mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika amekujibu.

Swali la nne: nani analipa gharama yake? Hatukusudii fedha peke yake. Yupo mama ambaye mgongo wake unaumia kwa kubeba mtoto anayekua. Wapo ndugu wa mtoto wenye haki zao za elimu, chakula na kusikilizwa. Ipo ndoa. Na yupo mtoto mwenyewe, anayeweza kulia kila anapouona mlango wa chumba cha tiba. David Werner, aliyeandika vitabu vya afya vinavyotumika vijijini duniani kote, naye alikuwa na ulemavu wa miguu tangu utotoni. Alieleza kwamba vyuma alivyofungwa na waganga wake vilimzidishia taabu, na hakuna aliyemuuliza. Mtoto asiyeweza kusema bado anasema kwa uso, kwa mikono na kwa kilio. Naye ana haki ya kusikilizwa.

Tunaongeza jambo moja la kupambanua: tiba ambayo mwenyewe anakataa kukufundisha, akataka kila kitu kifanyike mbele yake tu na kwa malipo tu, ina mashaka. Mtoto anaishi nyumbani. Mtaalamu mzuri hukuachia ujuzi mkononi unapoondoka.

Yasiyofaa kuachwa wala kucheleweshwa

Ndugu zetu, tusifahamike vibaya. Hatusemi kwamba mtoto akae tu nyumbani. Yapo mambo ambayo kuyaacha ni dhuluma.

La kwanza ni dawa za kifafa. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hupata degedege, na dawa zake haziachwi ghafla, hata kama mtoto ametulia kwa miezi, hata kama mtu amekuambia uziache ili dawa yake ifanye kazi. Ng’ambo ya milima yetu, kule Mahenge mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya mwanzo ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wakidhaniwa wanaambukiza, na wengine wameungua kwa kuangukia moto. Kwa vidonge vya bei ndogo, fenobabitoni, vilivyomezwa kila siku bila kukatisha, wengi walirudi shambani na katika familia zao. Tiba ile haikuwa na mashine wala ahadi kubwa. Ilikuwa na uendelevu tu.

La pili ni nyonga. Mtoto asiyetembea yuko katika hatari ya nyonga kuhama polepole pasipo mtu kuona, na maumivu yake huja baadaye. Picha ya eksirei kwa wakati aliopanga daktari ni bora kuliko miezi mingi ya kupakwa mafuta.

La tatu ni macho na masikio. Wapo watoto walioitwa wazito wa akili, kumbe hawasikii.

La nne ni mambo yasiyosubiri. Mtoto mchanga mwenye manjano yanayozidi, mtoto ambaye kichwa kinakua kwa kasi isiyo ya kawaida, mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi au miguu kifundo, apelekwe hospitali mapema. Miguu kifundo hasa ni mfano mwema: ikianza kutibiwa katika wiki za mwanzo kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha viatu maalumu, watoto walio wengi hutembea kama wenzao. Hapo uharaka una thamani kuliko fedha.

Kwa sisi wa ukanda huu, zipo hospitali za Njombe, ipo hospitali ya Ilembula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo Mbeya. Kwa yanayohitaji rufaa zaidi, kule Dar es Salaam kuna Muhimbili na CCBRT. Baadhi ya wazazi wametuuliza kama inafaa kumpeleka mtoto katika hospitali zinazoendeshwa na makanisa. Tunawakumbusha kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika safari nzito kuliko zote, safari ya Hijra, aliajiri kiongozi wa njia asiyekuwa Mwislamu, Abdullah bin Urayqit, kwa sababu alikuwa mjuzi na mwaminifu katika kazi yake. Tuangalie ujuzi na uaminifu, tushukuru kwa wema, na imani yetu tunakwenda nayo na kurudi nayo.

Ruqya, dua na wanaozifanyia biashara

Ruqya ya kisharia ni sunna, nasi tunamsomea kijana wetu kila usiku. Haina bei, na anayestahiki zaidi kumsomea mtoto ni mama yake na baba yake. Lakini tunatahadharisha mambo matatu. Asiwepo wa kukuambia uache dawa ya hospitali kwa sababu ya ruqya, kwani hakuna mgongano kati ya sababu mbili alizoziumba Mola mmoja. Asiwepo wa kumfunga mtoto, kumchapa au kumnyima chakula kwa madai ya kutoa jini. Huko ni kumtesa asiyeweza kujitetea. Na asiwepo wa kumwambia mama kwamba mtoto yuko hivyo kwa dhambi zake. Wapo wanawake walioachwa kwa neno hilo moja. Mtihani si adhabu, na mtoto huyo hana hesabu yoyote ya kulipa kwa niaba ya mtu.

Msikiti nao una wajibu

Yapo mambo ambayo familia moja haiwezi peke yake. Fukara na masikini wametajwa mwanzo kabisa katika wanaostahiki zaka, na familia iliyouza kila kitu kwa ajili ya mgonjwa mara nyingi imeingia katika fungu hilo bila kusema. Kamati za misikiti zinaweza kuulizia. Mafundi seremala tunao, na mbao ndizo utajiri wa mkoa huu. Viti vitano vya mbao kwa watoto watano si jambo la kuwashinda waumini wa mtaa mmoja.

Na madrasa zetu je? Abdullah bin Ummi Maktum, Allah amridhie, alikuwa kipofu. Kwa ajili yake zilishuka aya za sura ya Abasa, zikimkumbusha Mtume asimpe kisogo aliyekuja kutafuta kujisafisha. Baadaye akawa muadhini, na Mtume akamwachia uongozi wa Madina alipokuwa safarini. Hakupona upofu. Alipewa nafasi. Ikiwa tunaweza kukusanya mamilioni kwa ajili ya tiba yenye shaka, tushindweje kumtafutia mtoto pahali pa kukaa katika safu ya wanafunzi, asikilize Qur’an pamoja na wenzake? Kucheza na kusoma na wenzake nako ni katika yanayomkuza. Kijana wetu hutabasamu mapema zaidi siku za madrasa kuliko siku nyingine zote.

Turudi kwa mama yetu

Maswali hayo manne tulimwandikia kwenye karatasi kabla ya kuyaleta hapa. Aliyachukua, akakaa na mumewe na mama mkwe, wakakipigia simu kile kituo wakiwa wote watatu. Waliuliza mtoto atafanya nini baada ya siku thelathini. Wakajibiwa kwamba atatembea. Waliuliza, asipotembea itakuwaje. Wakajibiwa kwamba walete fedha kwanza, maelezo yatafuata.

Juzi alitusimulia kwamba mumewe aliiweka simu chini, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: “Nilidhani kutouza shamba ni kumkosea mwanangu.” Mama mkwe akamjibu: “Shamba hilo ndilo la kumlisha mwanao, babangu.”

Wamekubaliana kwenda Njombe kwanza, nyonga zipigwe picha na degedege lake lichunguzwe, maana walikuwa wakilidhani ni mshtuko wa kawaida. Lengo la kwanza waliloandika ni akae mwenyewe kitini muda wa mlo mmoja. Tarehe ya kuangalia wameiandika ukutani, karibu na kalenda ya swala. Fundi amekwisha kupima vipimo vya kiti.

Hatujui kama binti huyo atatembea. Hilo liko kwa Aliyemuumba, na mlango wa dua haujafungwa kwake wala kwa kijana wetu. Tunachojua ni kwamba mama yule aliuliza kama Allah atamuuliza, na jibu letu ni kwamba sote tutaulizwa: tutaulizwa tulichokitenda kwa kadiri ya uwezo wetu, wala hatutaulizwa kwa lile ambalo Mola mwenyewe hakuliweka mikononi mwetu.

Ewe Mola wetu, wape nafuu watoto wetu, wape subira na busara wazazi wao, na utujaalie tuwe wasaidizi wao wala tusiwe mzigo juu yao. Amin.

Wallahu a‘alam.